Maji Ndani ya Mtumbwi

Wewe wa Nkome, kando ya Ziwa Victoria, unayesubiri dagaa mwaloni asubuhi hii, sikiliza kidogo.

Mtumbwi unaovuja hauzami ghafla. Kwanza unyevu kwenye mbao. Kisha maji kwenye vidole vya miguu. Mvuvi akiyaona, anayachota, anaziba ufa. Hasemi, ngoja kwanza tufike.

Tumbo nalo hutoa taarifa mapema. Leo linauma. Kesho linaharisha. Keshokutwa, damu kwenye choo. Hapa ziwani, hicho huenda ni kichocho. Kijidudu chake hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua, anayevuta nyavu. Kinaingia. Kinakaa. Ugonjwa usipotibiwa, miaka ikipita ini huweza kuharibika, tumbo kujaa maji, mtu kutapika damu. Hapo majirani hunong'ona: karogwa. Karogwa na nani? Na maji aliyoyakanyaga tangu utotoni!

Kipimo cha choo kipo. Dawa ipo.

Basi ukiona damu chooni, usiishie kwenye vidonge vya dukani. Nenda zahanati leo, ukapime. Na mtoto anayelalamika tumbo, mchukue mwende naye.