Mwiko na Mwenye Kuushika

Neno mwiko lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni kile kifaa cha mti kinachosongea ugali na kupakulia wali. Ya pili ni jambo lililokatazwa na mila. Huenda maana hizi zimekutana kwa sadfa tu, lakini kwa wanaume wengi, wa pwani na wa bara, zimekuwa kitu kimoja: kuushika mwiko ni mwiko. Swali basi ni hili: mtu mzima asiyeweza kujipikia chakula cha kawaida amepungukiwa na ujuzi tu, au amepungukiwa na kitu katika uungwana wake?

Pa kulipimia swali hili ni Kilosa, mkoani Morogoro. Katika karne ya 19, bonde la Mkondoa lilikuwa mojawapo ya njia za misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Wapagazi, wengi wao wanaume, walipokea posho yao, wakaketi kikundi kikundi kuzunguka chungu, wakapika. Baadaye ilikuja reli, yakaja na mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, na pamoja nayo manamba, vibarua wa mkataba walioitwa hivyo kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Wengi walikuwa wamewaacha wake zao mbali. Jioni, baada ya kukata mkonge, mtu alirudi kambini akaukuta unga wake ungali unga. Hapakuwa na mama wala dada. Ama asonge, ama alale na njaa.

Hoja ya kwamba mkono wa kiume haukuumbiwa jiko ilikwisha kuvunjwa katika kambi hizo. Na hata leo huvunjwa Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo, ambako barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia hukatiza hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Wasafiri washukao pale huchomewa nyama na kukaangiwa chipsi na wanaume, na katika hoteli za watalii mpishi mwanamume huitwa fundi. Kazi ile ile, ikifanywa kwa ujira, ni ufundi. Ikifanywa nyumbani bila malipo, huhesabiwa kuwa udhalili. Aibu, basi, haimo katika sufuria. Imo katika kuonekana ukifanya bure kile ambacho watu wamekwisha kuamua kwamba ni cha mwingine kukifanya bure.

Mfikirie kijana aliyehamishiwa kazi Kilosa, aliyepanga chumba kimoja, mwenye jiko la mkaa na sufuria mbili. Siku ya kwanza anamwaga unga wote kabla maji hayajachemka, na ugali unakuwa madonge, nje umeiva, ndani mbichi. Jirani, mama wa makamo, anamwonea huruma. “Mwanangu, usiwe na haraka. Koroga kwanza unga kidogo kwa maji baridi, uwe uji, uuache utokote. Kisha ongeza unga kidogo kidogo huku ukisonga.” Kijana anauliza, kiasi gani? “Mkono utakwambia.”

Hapo ndipo mwenye shahada anapogundua kwamba kuna elimu aliyoila miaka yote bila kuiona. Wapenzi wa ushairi watalifahamu jambo hili. Mshairi chipukizi huhesabu mizani kwa vidole, bingwa huisikia. Mpishi naye huanza kwa kikombe, akaishia kwa jicho na mkono. Wali wake wa kwanza hutoka bokoboko, wa pili huungua; baadaye hujua kuuchagua mchele, kukadiria maji, na kupalia makaa juu ya mfuniko bila kuambiwa.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Kijana huyu akiunguza, majirani humcheka kwa mapenzi, na akifaulu husifiwa. Msichana wa miaka minane aliyeunguza sufuria ile ile hukemewa, na akifaulu hakuna asemaye neno. Yeye hakuruhusiwa kuwa mwanafunzi. Alihesabiwa mjuzi tangu siku aliyozaliwa. Dhuluma ndogo kama hii, ikirudiwa kila siku, si ndogo tena.

Atasema mtu: kazi ziligawanywa tangu kale, na asiyejua kushona nguo haoni haya. Ni kweli. Lakini nguo moja hustiri mwaka mzima, ilhali njaa hurudi mchana na jioni. Na mgawanyo ni wa haki pale tu kila upande unapoweza, siku ya shida, kuubeba mzigo wa mwenzake. Mke akilazwa hospitali, mume asiyejua kuchemsha uji atampelekea nini?

Manamba walijifunza kwa kulazimika, na kulazimika kwao hakukuiondoa desturi ya nyumbani. Ajifunzaye kwa hiari hupata zaidi ya shibe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyelishwa tu huiona sahani. Aliyewahi kusonga, moshi ukimwingia machoni, huuona mkono ulioileta. Huyo akikaribishwa chakula chenye chumvi haba, atanyamaza, atakula, na akimaliza atasimama kuosha vyombo.