Mti wa Mswaki na Haki Yake Juu Yetu

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, hapana mmoja wetu asiyeujua mswaki. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa lau si kuchelea kuutaabisha umati wake, angaliwaamrisha kuutumia kwa kila Sala. Twaununua mlangoni mwa msikiti, twautafuna ncha, kisha twautia mfukoni. Lakini ni wangapi waujuao mti wenyewe?

Waarabu huuita araka. Huota Bara Arabu, India, na Afrika. Na hapa Kenya waonekana katika nyika kavu za Tana River, Garissa na Turkana, khususan kandokando ya mito ikaukayo kiangazi, hata katika ardhi ya chumvi isiyokubali miti mingi. Jua liunguzapo majani ya miti mingine, wenyewe hubaki kijani. Mizizi yake huushika udongo usichukuliwe na upepo wala mafuriko. Kivulini mwake hupumzika mchungaji na mbuzi wake. Majani yake hulisha ngamia malisho yakisha. Matunda yake huliwa na watu na ndege, na ndege ndio waenezao mbegu. Imepokewa na Bukhari kuwa masahaba waliyachuma matunda hayo wakiwa pamoja na Mtume (s.a.w.), naye akawaelekeza wachague yaliyo meusi. Walipomwuliza kama aliwahi kuchunga, akawajulisha kuwa hapana Nabii asiyechunga.

Basi litazameni jambo hili. Kijiti cha mswaki hupatikana tawini, na hupatikana mzizini. Mti huu ukikatwa matawi kwa kiasi huchipua tena. Lakini uking'olewa mizizi hufa, na mchanga ulioufunga huanza kuhama. Atafutaye radhi za Mola wake kwa usafi wa kinywa, ataridhikaje sunna yake imnyime mchungaji kivuli? Abu Daud amepokea onyo kali la Mtume kwa mwenye kukata mkunazi, akaeleza kuwa makusudio yake ni mkunazi wa jangwani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukikatwa kwa dhuluma. Mwenye insafu ataupimia mswaki kwa kipimo hicho.

Wako watakaosema: ukifa huu, utapandwa mwingine. Katika miaka ya 1980 mathenge, mti wa asili ya Amerika, ulipandwa Baringo ili kuzuia jangwa. Ukayaziba malisho kwa miiba, hata mwaka 2006 wenyeji wakaishitaki serikali. Si kila kijani ni badala.

Na wako walioiacha miti kwa kuogopa mizimu. Sisi twasema wazi: mizimu haina nafuu wala madhara. Lakini aliyetoka katika hofu hiyo asidhani amepewa ruhusa ya kuharibu. Mti ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, nao wamsabihi Mola wake. Na kumcha Yeye kwatosha kuuzuia mkono wenye shoka.

Basi mwulizeni mwuzaji: hiki ni cha tawi au cha mzizi? Chagueni cha tawi, na mkitumie mpaka kiishe. Mwenye ardhi kavu naye apande. Kwani Mtume ametufundisha kuwa akilacho ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Mwislamu huandikwa sadaka yake.

Wabillahi taufiki.