Mfadhili Si Baba



Mwaka 1937, vita vilipowaka Hispania, Mwingereza John Langdon-Davies alisaidia kuanzisha mpango ambao mtu wa mbali humgharimia mtoto mmoja, nao wakaandikiana barua. Desturi hiyo imeenea duniani. Ni jema kubwa. Lakini mtoaji aweza kujiona baba, akangojea shukrani.

Islam imetahadharisha. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alimwacha huru Zaid, akamfanya mwanawe, hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Ndipo Kurani Tukufu (33:6) ikaamuru walelewa waitwe kwa baba zao. Akawa tena Zaid bin Haritha. Mapenzi hayakupungua, bali haki ya baba ilirudishwa. Na Sura Ad-Dahr yawasifu wanaowalisha maskini na yatima kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, wasitake malipo wala shukrani.

Basi ukimsaidia mtoto wa ng'ambo, waheshimu wazazi wake, wala usihesabu barua zake. Asipokuandikia, je, utaacha kutoa? Jibu lako litadhihirisha ulikuwa ukitoa kwa ajili ya nani: Mwenyezi Mungu, au nafsi yako.