Daftari la Pesa na Daftari la Siri

Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, maji yalibeba watu, nyumba, na karatasi zote zilizokuwa ndani ya nyumba hizo. Tangu wakati huo, nikisikia kituo cha afya kinataka kuhamisha daftari zake kwenye kompyuta, mimi huunga mkono. Na zaidi vituo vya mashauriano, ambako watu huja na majeraha ya moyo. Hapo hesabu ni ngumu: huyu amelipa nusu kwa dola, yule kwa franka, wa tatu analipiwa na shirika, na deni la wa nne limesahaulika. Programu nzuri hugeuza kila miadi kuwa ankara na kukumbusha kila deni. Faida hiyo ni ya kweli.

Lakini kuna kisa ambacho kila mwenye kituo anapaswa kukijua. Ni cha Ufini, katika kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo, iliyoanzishwa mwaka 2008. Ilikua haraka ikafungua matawi mengi. Ilijitengenezea programu yake yenyewe, na ndani yake ikaweka kila kitu: miadi, anwani, malipo, pamoja na maandishi ya washauri kuhusu yale ambayo wagonjwa waliwaambia mlango ukiwa umefungwa.

Kosa la kwanza lilikaa wazi kwa muda mrefu. Tangu Novemba 2017 hadi Machi 2019, hifadhi hiyo ilifikika kutoka intaneti, na akaunti kuu ya kuifungua haikuwa na nenosiri. Novemba 2018 mwizi aliingia na kunakili taarifa.

Kosa la pili ndilo linaloniumiza. Machi 2019 hifadhi ilikutwa imefutwa, na mahali pake pameachwa ujumbe wa kudai pesa. Hebu fikiri: unafika asubuhi, unakuta kabati tupu na barua ya mwizi juu yake. Taarifa zilirudishwa kutoka kwenye nakala ya akiba, na kazi ikaendelea. Wagonjwa hawakuambiwa. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa haikuarifiwa hadi Septemba 2020. Naelewa jinsi jambo hilo linavyowezekana, na nasema kwa hofu kwamba hata mimi ningeweza kulifanya. Mashine imerudi, ankara zinatoka, pesa zinaingia. Ni rahisi mno kujiambia kwamba yamekwisha.

Oktoba 2020 mwizi alijitokeza hadharani. Aliitaka kampuni imlipe bitcoin 40, akawa anaanika maandishi ya wagonjwa kidogo kidogo. Kisha akawaandikia wagonjwa wenyewe: lipa euro 200, la sivyo siri zako zitasomwa na wote. Walioibiwa taarifa walikuwa kama 33,000, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka huo ikatozwa faini ya euro 608,000. Aprili 2024 mahakama ya mwanzo ilimhukumu kijana mmoja miaka 6 na miezi 3 jela kwa uhalifu huo, naye akakata rufaa.

Ndugu yangu, usiseme Ufini ni mbali. Kwetu jina la mtu na mtaa wake, Kimanga au Songo, vinatosha kumtambulisha. Mwanamke aliyebakwa akaja kusema kwa mara ya kwanza, siri yake ikitoka, mumewe atajua kabla jua halijazama nyuma ya milima. Nchi yetu ina Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu inayolinda taarifa binafsi, lakini hakuna hakimu awezaye kulirudisha neno likishasomwa sokoni.

Kwa hiyo tenganisha. Mtunza pesa anahitaji namba ya mgonjwa, tarehe, aina ya huduma na bei. Hahitaji kujua mgonjwa alilia kwa nini. Maandishi ya mshauri yakae mahali pengine, chini ya nenosiri lingine, na yafungwe kwa namna ambayo hata mwenye kuiba mashine hataweza kuyasoma. Mfanyakazi akiondoka, funguo zake zifutwe siku hiyo hiyo. Picha za fishi za wagonjwa zisitumwe kwa WhatsApp, hata kama ni kumharakishia shirika malipo. Na siku utakayokuta kitu kimeguswa, waambie wagonjwa wako mapema, ingawa utaona aibu.

Leo, kabla hujafunga kituo, keti kwenye kiti cha mtunza pesa wako. Fungua mashine kwa jina lake, tafuta mgonjwa mmoja, kisha tazama anachoweza kukisoma.