Jua la Kuwekewa

Mimi ni fundi umeme wa Ukunda. Naunganisha feni, friji, pampu za visima. Matumbawe nilikuwa nayajua kwa nyayo tu: maji yakipwa ukatembea juu yake bila viatu, utarudi na damu. Kwa hiyo hoteli moja ndogo ya Diani iliponiita nifunge taa za tangi la maji chumvi lenye matumbawe hai, kando ya baa, ilibidi nikeshe na simu nikisoma.

Nikajifunza kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani unapika chakula kwa mwanga, tumbawe linakula. Taa ya tangi basi ni jiko. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza, na kadiri unavyozama ndivyo buluu inavyotawala. Ndiyo maana taa za matumbawe huwa na buluu nyingi. Tena haziwashwi kwa nguvu zote siku ya kwanza. Unaanza chini, unapandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, saa nane hadi kumi kwa siku, kisha giza. (Hatua mia mbili kutoka pale, jua lilikuwa linafanya haya yote bila bili ya stima.)

Nikapanga hivyo. Meneja akaja kuangalia.

“Fundi, wageni wangu wanakaa baa kuanzia saa mbili usiku. Saa hiyo tangi liko giza. Sasa nimemjengea nani?”

Alitaka buluu kali, asubuhi mpaka saa sita usiku. Chini ya buluu matumbawe hung’aa kijani na chungwa kama taa za matatu. Ni kweli yanapendeza.

“Bosi, hayatastahimili.”

“Yatazoea.”

Nikaminya vitufe. M-Pesa iliingia kabla sijafika stejini.

Wiki tatu baadaye niliitwa kurekebisha pampu. Ncha zilikuwa zimepauka. Mwanga ukizidi, ule mwani huanza kutoa sumu, na tumbawe huutapika mpishi wake mwenyewe. Linabaki jeupe, lina njaa mbele ya jiko linalowaka. Mwaka 1998 joto la bahari lilifanya hivyohivyo pwani yetu nzima, na matumbawe mengi yakafa. Lakini lile lilikuwa joto. Hili lilikuwa kidole changu.

Rafiki yangu wa chuo alinituliza: tumbawe halina ubongo, halisikii uchungu, dhambi iko wapi? Hoja nzuri, na sina jibu la kuivunja. Ila hainitoshi. Sikuhitaji kusikia kilio ndipo nijue nilichofanya. Nilijua kabla ya kuminya. Jua lote la dunia yake lilikuwa mkononi mwangu, nikaliwasha kwa ajili ya macho ya mtu mwenye glasi ya bia. Na kile kisingizio cha “mimi fundi tu” nimekijaribu. Daktari akiambiwa na mlipa bili azidishe dozi ili mgonjwa anawiri kwenye picha, atasema yeye daktari tu?

Kuna jumba la makumbusho London, Horniman, ambako watu walilipangia tangi lao misimu, macheo na hata mwezi unaokua na kufifia. Mwaka 2013 matumbawe yao yakataga mayai humo ndani. Kwa hiyo taa inaweza kuchaguliwa kwa ajili ya anayeishi chini yake. Nilimsimulia ami yangu, mvuvi wa Msambweni, nikitaka anisifu kwa kusoma. Alinisikiliza huku akishona wavu wake.

“Na hayo ya hotelini, mwanangu, yalitoka wapi?”

Nilikuwa nimeuliza wati ngapi, saa ngapi, lita ngapi. Hilo sikuuliza. Yalifika kwenye mifuko ya plastiki, nikaona mifuko, nikaendelea kuchomeka nyaya. Tangu siku ile nawaza kwamba labda swali la taa lilinifaa kwa sababu lilikuwa dogo, la kifundi, lenye namba; nililishika ili nisilione hili lingine.

Jana meneja alinitumia ujumbe. Yale yamekufa, ameagiza mengine, nije Ijumaa, safari hii ataongeza hela. Kodi ya nyumba ni tarehe tano.

Nikamwandikia: “Yanatoka wapi?”

Amesoma. Hajajibu.