Kudura ya Mungu na Hiari ya Mtu

Lori moja lilipinduka mteremkoni, limejaa watu waliokuwa wakirudi mnadani. Siku ya mazishi tulisimama kaburini tukasema yale ambayo mapadre husema siku kama ile: kwamba Mungu amewaita waja wake, nasi yatupasa kuyapokea mapenzi yake. Watu wakaitikia amina. Tulipokuwa tukiondoka, mzee mmoja aliyemzika binti yake alitusogelea, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Padre, breki za gari lile zilikuwa mbovu tangu miezi miwili, na kila mtu alijua. Je, ni Mungu aliyetaka zisitengenezwe?"

Hatukuwa na jibu la kumpa papo hapo. Swali lake tumelichukua moyoni tangu siku ile, na leo twataka kulijibu mbele ya wasomaji wetu, maana si la mzee yule peke yake. Mlevi husema ameandikiwa pombe. Kijana aliyeshindwa mtihani husema hakujaliwa. Mama aliyechelewa kumpeleka mtoto hospitali huambiwa na jirani zake kwamba siku za mtoto zilikuwa zimekwisha. Na wahenga wetu wametuachia methali isemayo: Jitihada haiondoi kudura.

Methali hiyo ina kweli ndani yake. Hapana kitu kinachotokea nje ya uweza wa Mungu. Asingetushika kila nukta, tungetoweka. Lakini tukiishika methali hiyo peke yake, tukaiacha ile nyingine isemayo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, tutafika mahali pabaya. Kwa maana kama kila tendo letu limekwisha kuamriwa hata tusiweze kutenda vingine, basi hakimu amfungaye mwizi amdhulumu, na padre aketiye kitubioni apoteza wakati wake. Zaidi ya hayo, dhambi zote zitakuwa za Mungu, wala si zetu. Hasha! Hakuna Mkristo awezaye kusema hivyo. Tena, tukisema kwamba mtu ajitengenezea wokovu wake kwa nguvu zake mwenyewe, Mungu atakuwa mtazamaji tu, na msalaba wa Kristo utakuwa wa bure.

Basi tuanze na lililo jepesi kidogo, yaani ujuzi wa Mungu. Wengi hudhani hivi: Mungu ajua tangu milele nitakalotenda kesho, ujuzi wake haukosei, kwa hiyo nimelazimishwa. Mtakatifu Agostino alikwisha kulijibu jambo hili. Kumbukumbu yako ya jana, alieleza, haikuyalazimisha mambo ya jana yatendeke. Vivyo hivyo ujuzi wa Mungu hauyalazimishi ya kesho. Boethius naye, akiwa kifungoni akingoja kuuawa, yapata mwaka 524, aliongeza kwamba kwa Mungu hakuna jana wala kesho. Mtakatifu Toma wa Akwino akatoa mfano ambao hata mtoto aweza kuuelewa: mtu apitaye njiani hawaoni wanaomfuata nyuma, lakini aliye juu ya mlima huwaona wasafiri wote kwa mara moja. Yeye aliye mlimani akiona mmoja amekata kushoto na mwingine kulia, je, macho yake ndiyo yaliyowapindisha? La. Walikata wenyewe, naye aliwaona.

Lakini Mungu si mtazamaji wa mlimani tu. Yeye ndiye atupaye nguvu za kutembea, naye ndiye atuitaye. Hapa ndipo fundo lilipo. Kama neema yake ndiyo ianzayo kila jema, mbona mmoja aongoka na mwingine aendelea na ubaya wake?

Kanisa limelifikiri jambo hili kwa karne nyingi, na kila mara limekataa kuanguka upande mmoja. Pelagius alifundisha kwamba mtu aweza kwa hiari yake kuzishika amri pasipo msaada wa neema ya ndani. Maaskofu waliokutana Karthago mwaka 418 wakamkatalia. Mtaguso wa Orange, katika Ufaransa ya leo, mwaka 529, ulithibitisha kwamba hata mwanzo wa imani ni zawadi. Lakini papo hapo ukawalaani wale wasemao kwamba Mungu amewapangia watu ubaya. Katika karne ya tisa mmonaki Gottschalk alifundisha kwamba wako waliopangiwa uzima na wako waliopangiwa kifo. Maaskofu wakamhukumu huko Quierzy mwaka 849. Miaka minne baadaye, mahali pale pale, walitamka neno ambalo lafaa kila katekista alijue kwa moyo: waokokao huokoka kwa kipaji cha Mwokozi, na wapoteao hupotea kwa kosa lao wenyewe.

Calvin, aliyetoa kitabu chake kikuu mara ya kwanza mwaka 1536, aliurudia upande mmoja wa mizani: Mungu huteua wengine kwa uzima na wengine kwa upotevu, kwa kutaka kwake tu. Tusimdhihaki, maana alitaka kuulinda utukufu wa Mungu, na nia hiyo ni njema. Lakini Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba hiari ya mtu, ingawa ilidhoofishwa na dhambi ya asili, haikufa. Mungu huigusa kwa neema, nayo yaweza kukubali, tena yaweza kukataa. Yafaa tuongeze kwamba ugomvi wa zamani umepoa sana: Kanisa na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya neema mwaka 1999, na makanisa ya mapokeo ya Calvin yakaliunga mkono mwaka 2017.

Je, fundo limefunguliwa? Tuseme kweli: halijafunguliwa lote. Mwaka 1588 Mjesuiti Molina alitoa kitabu cha kupatanisha hiari na neema. Mdominiko Báñez na wenzake wakakipinga kwa nguvu. Kesi ikapelekwa Roma. Baba Mtakatifu Klementi VIII alikufa kabla haijakwisha. Mwaka 1607 Paulo V aliwaambia pande zote mbili warudi makwao, wala mmoja asimhukumu mwenzake kuwa mzushi. Hukumu itatolewa wakati ufaao. Mpaka leo haijatolewa. Wengine hucheka wakisikia hayo. Sisi twaona ni hekima. Kanisa limeshika ncha mbili za kamba, limekataa kuachia hata moja, na limekiri kwamba katikati ya kamba imo gizani, mikononi mwa Mungu.

Anayetaka kuziona ncha hizo mbili zikishikwa na mtu mmoja, na aende Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto huko kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miongoni mwao alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani mwa Mukajanga, mkuu wa wauaji mwenyewe. Jamaa zake walimsihi aseme neno moja tu la kuikana imani, nao wangemponya. Mlango ulikuwa wazi. Alikataa, akafa. Je, tuseme alikuwa ameandikiwa, basi hana sifa? Hapo Kanisa lilikosea kumtangaza mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964! Au tuseme nguvu zile zilikuwa zake mwenyewe? Kijana aliyekuwa mgeni katika imani, mbele ya kuni na moto? Yeye mwenyewe angelikuwa wa kwanza kukana. Neema ilimshika, naye hakuuondoa mkono wake. Yote mawili ni kweli, na kila mmoja wetu aliyewahi kushinda kishawishi kimoja kidogo alijua jambo hilo moyoni kabla ya kulisoma kitabuni.

Sasa twaweza kurudi kwa mzee wetu. Mababa walitufundisha kupambanua kati ya lile Mungu alitakalo na lile aliruhusulo. Mungu hutaka mema. Mabaya yatokanayo na uzembe na tamaa ya watu hayataki. Huyaruhusu, kwa kuwa ametupa hiari ya kweli, wala haichukui tena kila tuitumiapo vibaya. Mwenye gari aliyehesabu fedha za nauli akaacha breki, dereva aliyekubali, abiria tuliopanda tukijua, nasi mapadre tuliopita njia ile kila juma tusiseme neno: hao ndio wa kuulizwa. Kusema "ni mapenzi ya Mungu" juu ya breki mbovu ni kumsingizia Mungu. Twakiri kwamba sisi wenyewe tulimsingizia siku ile, pale kaburini, kwa sababu maneno yale yalikuwa rahisi midomoni.

Wala mtu asituambie kwamba kusali basi hakuna maana. Mungu akusudiaye mavuno amekusudia pia jembe na mvua. Na akusudiaye kutupa neema fulani amekusudia pia sala ambayo kwayo tutaipokea. Mtakatifu Toma alifundisha kwamba hatusali ili tuubadilishe mpango wa Mungu, bali ili tupate yale aliyopanga kutupa kwa njia ya sala. Mkulima akilala nyumbani akisema mavuno yameandikwa, njaa itamfundisha.

Na wewe unayedhani kwamba jina lako halimo katika kitabu cha uzima, nani amekuonyesha kitabu hicho? Trento ilikataza mtu kujihesabu kwa yakini miongoni mwa wateule pasipo kufunuliwa na Mungu mwenyewe. Basi wewe nawe utapata wapi yakini ya kujihesabu miongoni mwa waliotupwa? Neno tulilopewa ni moja: Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Mlango wa kitubio u wazi Jumamosi hii kama Jumamosi iliyopita.

Tulikwenda tena kwa mzee yule baada ya siku arobaini. Tulimwambia: "Mzee wetu, hapana, Mungu hakutaka breki zile ziachwe. Watu waliziacha. Ila binti yako hakumwacha hata nukta moja." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni nani wa kwenda naye kwa mwenye gari kuzungumza habari za magari yake mengine. Tulikwenda naye. Jitihada haiondoi kudura, ni kweli. Lakini asubuhi ile, tulipokuwa tukipanda mlima pamoja, tuliona kwamba jitihada nayo yaweza kuwa sehemu ya kudura.