Tendo la Mbali na Dhamana ya Mtendaji

Kando ya barabara iendayo Bagamoyo, kuanzia Mapinga hadi Kerege na Zinga, wapo wenye nyumba na mashamba ambao kazi zao ziko Dar es Salaam, nao huweza kuwasha pampu ya kisima au taa za uani kwa simu, bila ya kukiona kisima wala uani. Jambo hilo huchukuliwa kuwa la mafundi wa umeme peke yao, ilhali limebeba swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamelijadili kwa karne nyingi: tendo huwa la nani pale ambapo mtendaji hayupo linapotokea, na dhamana yake, yaani wajibu wa kufidia madhara, hufika wapi?

Kifaa kinachotumika ni rilei, nayo ni swichi inayounganisha na kukata njia ya umeme kwa nguvu ya sumaku badala ya kidole. Mkondo mdogo, aghalabu wa volti 5, hupita katika koili, koili hugeuka sumaku na kuvuta kibati cha chuma, na kibati hicho huunganisha njia nyingine iliyobeba umeme wa nyumbani wa volti 230. Pampu ikiwa kubwa, rilei huiamuru kwanza kontakta, ambayo ni swichi ya namna hiyo hiyo iliyoundwa kustahimili mkondo mkubwa. Rilei ya mtandao huongezewa kompyuta ndogo yenye anwani yake, ipate kupokea amri kutoka kokote intaneti inakofika. Baina ya nia ya mtu aliyeko Kariakoo na maji yanayopanda tangini Kerege pana simu, mnara, ruta, programu, koili na kontakta, na hakuna hata hatua moja kati ya hizo ambayo mwenye nia anaigusa isipokuwa ya kwanza.

Kama kweli hatua moja ndiyo inayoizaa nyingine ni swali la kale. Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba inayokutana na moto, akahoji kwamba jicho huona tu kuungua kukitokea pamoja na moto, wala halioni kwamba moto ndio unaounguza. Mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu baadaye kuwa anayekana sababu anaikana elimu yenyewe. Mjadala huo haujafungwa, lakini sheria haikungoja ufungwe. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, waliwatenganisha mubashiri, ambaye madhara hutoka moja kwa moja katika tendo lake, na msababishi, ambaye hutengeneza tu hali inayoleta madhara. Na Majalla, sheria ya madai iliyoandikwa katika dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, ikaweka kwamba mubashiri hulipa hata kama hakukusudia, ilhali msababishi hulipa pale tu alipokusudia au kuvuka mpaka. Mpiga mshale ni mubashiri, ingawa mshale umesafiri mbali na mkono wake. Aliyechimba shimo ambamo mtu akatumbukia ni msababishi, na huulizwa alichimba wapi na kwa haki gani.

Mwenye rilei ya mtandao ni wote wawili kwa nyakati mbalimbali, na hapo ndipo ugumu ulipo. Anapobonyeza simu na pampu ikawaka papo hapo, yeye ni mpiga mshale, kwa kuwa mashine zilizo katikati hazina akili wala dhima ya kubebeshwa lawama. Lakini anapoipangia rilei ratiba, au hali itakayoichukua umeme ukirudi baada ya kukatika, amechimba shimo, na tendo lenyewe litatokea akiwa usingizini. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hutaka nia iambatane na mwanzo wa tendo, lakini katika saumu ya Ramadhani nia huwekwa usiku kwa ajili ya mchana unaofuata. Upangaji wa rilei uko karibu na nia ya saumu: uamuzi hutangulia, tendo hufuata, na mwenye uamuzi hana budi kuwaza mapema yale ambayo mwingine angeyawaza akiwa ameshika swichi.

Uzito wa uamuzi huo huonekana katika mpangilio mmoja tu, ule wa umeme unaporudi. Tuseme umeme umekatika pampu ikiwa inazunguka, na fundi akafungua kisanduku kurekebisha nyaya; rilei iliyoamriwa kurejea hali yake ya mwisho itaipeleka volti 230 mikononi mwake umeme ukirudi. Kwa mashine ya kutotolesha vifaranga, ambamo mayai hukaa siku 21 katika joto la karibu nyuzi 37.5, mpangilio huo huo ndio unaookoa uhai, na rilei inayobaki imezimwa ndiyo inayoua. Hakuna mpangilio ulio mwema kwa kila kifaa, kwa hiyo anayeuacha kama ulivyotoka kiwandani hawezi kusema hakuamua lolote. Ameamua bila kuangalia. Ndivyo ilivyo pia kwa nywila ya kiwandani: mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu nywila hizo tu, na mlango ulioachwa wazi hivyo humpa mgeni mkono ndani ya shamba la mtu.

Linabaki suala la kujua. Simu ikiandika kuwa pampu imewaka, mara nyingi inaeleza tu kwamba amri ilifika na koili ikavuta. Haielezi kwamba maji yanatoka, na mtandao ukipotea huenda ikaendelea kuonyesha hali iliyojulikana mwisho. Wanazuoni huiita hukumu ya namna hiyo istishabu, yaani kulichukulia jambo kuwa limebaki lilivyokuwa hadi pawe na uthibitisho wa kubadilika, na kwa msingi huo baharia aliyepotea huhesabiwa hai, na mali yake haigawiwi. Istishabu humlinda aliyepotea. Kuitumia kumwambia fundi ashike waya kwa kuwa simu inaonyesha pampu imezimwa ni kuigeuza kinyume cha kazi yake, kwani hapa anayehatarishwa ndiye aliyepo.

Kwa sababu hiyo kinga ya kwanza si ya programu. Ni swichi ya kutenga iliyo kisimani penyewe, inayokata njia kuu ya umeme kabla haujaifikia rilei, na ambayo hakuna amri ya mbali inayoweza kuitengua. Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana, na katazo hilo halitimii ikiwa mlinzi wa Kerege, ambaye mwili wake ndio ulio karibu na nyaya, hana ufunguo wa kisanduku na hana budi kumpigia mtu wa mjini simu ambayo huenda isipokewe, ili mashine iliyo mbele yake izimwe. Mwenye mali aweza kubaki na haki ya kuwasha kutoka aliko. Haki ya kuzima na kutenga ni ya aliyepo, na anastahili kukabidhiwa ufunguo siku ile ile rilei inapofungwa.